Capablanca, bingwa mwenye aliogopa match nul

Mu mwaka 1967, Tout Puissant Englebert, ile tunaita leo Mazembe, ilicheza fainali ya kombe la Afrika la klabu bingwa na Asante Kotoko ya Ghana. Kule Kumasi walifanya 1-1. Ku Kinshasa wakafanya 2-2. Mechi ya tatu ikapangwa, Kotoko hawakuonekana, na kombe likapewa watu wa Lubumbashi. Ni kombe la haki, liko mu hesabu, hakuna wa kulitosha. Lakini ni kombe bila goli la mwisho, na kwa mutu wa mupira ile goli yenye haikuingia inabaki kama mwiba ku kidole.

Yulu ya nul, batu banasemaka mingi. Mutu analipa tikiti ku sitadi na makuta yenye alipata kwa jasho mu shimo ao ku usine, anaikala dakika 90 mu jua, anarudia kwake na 0-0. Wakubwa wa mupira walijiuliza kama huyu mutu atarudi juma ijayo. Njo maana tangu Kombe la Dunia la 1994 waliweka pointi 3 kwa mwenye kushinda, pahali pa 2, ili nul isipendeze sana.

Mu muchezo wa échecs, ule watu wa pwani wanaita sataranji, swali ni lilelile, tena linauma zaidi. Ku mupira nul inakuja kwa sababu saa imeisha. Ku échecs inaweza kuja kwa sababu vipande vimebaki vichache na hakuna tena wa kuua mufalme wa mwingine. Ao kwa sababu mambo yamerudiliwa mara tatu. Ao, na hii njo inakasirisha watu, kwa sababu wachezaji wawili wametazamana, wamepeana mukono, na wameenda kunywa kahawa. Ata kama saa ingali. Ata kama watu wangali wanaingia mu salle.

Mutu mwenye maisha yake yote yalifungwa na hii jambo anaitwa José Raúl Capablanca. Alikuwa bingwa wa dunia, wengi wanasema hakuna mwenye alizaliwa na zawadi ya échecs kumupita yeye. Aliogopa nul, alitangaza kwamba zitaua muchezo. Kisha yeye mwenyewe njo zikamukuta.

Alizaliwa ku Havana, inchi ya Cuba, tarehe 19 Novemba 1888, wakati Cuba ilikuwa ingali chini ya Hispania. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la Hispania. Mutoto alikuwa na miaka 4, alikuwa anaangalia baba anacheza na rafiki, hakuna mwenye alimufundisha. Siku moja baba akapeleka farasi pahali farasi haiwezi kwenda. Mutoto akacheka, baba akakasirika, wakaikala wawili, na mutoto akashinda baba yake. Hadithi hii Capablanca mwenyewe alipenda kuieleza, na mutu akisimulia utoto wake anaongezaka chumvi kidogo. Lakini yale yalifuata yaliandikwa. Mu Novemba na Desemba 1901, akiwa ndipo anafikisha miaka 13, alicheza na bingwa wa Cuba, Juan Corzo, mutu muzima, na akamushinda. Haikuwa kwa mbali. Ila alimushinda.

Jamaa wakaona kwamba échecs haiwezi kulisha mutu, mutoto apate kazi ya maana. Wakamutuma New York, akaingia yuniversite ya Columbia kusomea uenjeniya wa kemia, kazi yenye watu wa usine zetu wanaijua vizuri. Masomo hayakumuendea mbali. Siku zake alizipitisha ku Manhattan Chess Club. Mwaka 1906, ule mwaka Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa, kijana huyu alishinda mashindano ya mbio pale klabu, na kati ya wale walikuwa nyuma yake kulikuwa Emanuel Lasker, Mudachi, bingwa wa dunia. Diplome hakuipata. Wazazi wenye wanasoma hapa wasimupe mutoto huyu kama mufano.

Mwaka 1909 akacheza na Frank Marshall, mwenye nguvu zaidi mu Marekani. Akashinda mechi 8, akapoteza 1 tu, na nul zilikuwa 14. Muone vizuri hii hesabu: ku mechi 23, zaidi ya nusu hakukuwa mwenye kushinda. Hakuna mutu alilia. Kijana wa miaka 20 alikuwa anapiga mukubwa, na kila nul ilikuwa kama mukubwa anapumua kidogo mbele ya kupigwa tena. Tukumbuke hii, kwa sababu itatusaidia mbele.

Mu Februari na Marchi 1911 wakamwita San Sebastián, Hispania, ku mashindano makubwa. Ossip Bernstein, Murusi, akanung'unika kwamba huyu Mucuba hajafanya kitu cha kumufaa kuingia pale. Mechi ya kwanza kabisa Capablanca akacheza na Bernstein, akamushinda, tena akapewa zawadi ya mechi nzuri kupita zote. Mashindano yenyewe akayashinda vilevile. Mwaka ule, tarehe 30 Juni, shaba ya kwanza iliyeyushwa hapa kwetu Lubumbashi. Muji ulikuwa na mwaka moja tu.

Namna yake ya kucheza, nataka niielezee kidogo, kwa sababu njo mizizi ya mambo yote. Wachezaji wa zamani walipenda moto: kutoa malkia bule, kutupa minara, kukimbilia mufalme. Capablanca hapana. Yeye alikuwa kama mutu wa kusafisha shaba. Anatosha uchafu kidogo kidogo, anabadilisha kipande kwa kipande, farasi kwa farasi, munara kwa munara, mpaka uwanja unabaki karibu wazi, na pale unaona kumbe iko na askari mumoja mudogo mwenye anapita wa mwingine kwa hatua moja. Ile hatua moja inamutosha. Alifanya haraka, bila kukunja uso, kama mutu anafunga kamba ya kiatu. Watu wakamuita masini ya échecs.

Sasa, mutu akicheza vile na mutu mwenye uwezo mudogo, anashinda. Akicheza vile na mwenye anajua yote kama yeye, vipande vinaisha, askari wanasimama uso kwa uso, na ni nul. Ukisafisha sana, hakubaki kitu cha kupigania.

Ila watu walimupenda sana, na si kwa ushindi tu. Alikuwa mutu wa sura nzuri, wa kuvaa vizuri, anaongea luga mingi. Serikali ya Cuba, mwaka 1913, ikamupa kazi mu ministeri ya mambo ya inchi za inje, na kazi yenyewe ilikuwa hasa kutembea na kucheza. Alizunguka miji akicheza na watu kumi, makumi, mara moja. Ku Cleveland, Marekani, mwaka 1922, alicheza na watu 103 kwa siku moja. Wote walipangwa, yeye anapita mbele yao, anasogeza, anaendelea. Nyuma ya masaa 7 hivi alikuwa ameshinda 102. Na mumoja? Nul. Fikirieni yule mumoja alirudia kwake namna gani ile siku. Kwa yule mutu nul haikuwa kitu cha bule, ilikuwa kombe.

Na Lasker hawakupatana upesi. Mwaka 1911 Capablanca alimuita kupigania ubingwa, Lasker akajibu na mukanda wa masharti 17. Moja ya yale masharti: kama mechi zinaisha na mumoja anapita mwingine kwa ushindi moja tu, basi ihesabiwe kwamba wamelingana. Kusema kweli, bingwa akubaki bingwa ata akiwa nyuma. Capablanca akakataa, wakagombana mu magazeti, na kwa miaka mingi hawakusalimiana. Muone: ata mbele ya kusogeza askari mumoja, vita vyao vilikuwa tayari vita vya nul.

Mwaka 1914 wakakutana ku Saint-Pétersbourg. Capablanca aliongoza karibu mpaka mwisho. Siku ya kukutana na Lasker ikafika, na Lasker alihitaji ushindi. Bingwa akachagua mwanzo wa mechi wenye watu wote walijua ni wa amani, wa kubadilisha fou kwa farasi na kwenda kulala, karibu nul yenye imekwisha kuandikwa. Capablanca akaamini, akacheza polepole. Akapigwa. Kesho yake akapoteza tena kwa mwingine, na Lasker akamupita kwa nusu pointi. Ile nusu pointi ilimukaa mu roho.

Vita vya kwanza vya dunia vikapita. Kutoka Februari 1916 mpaka Marchi 1924, miaka minane, Capablanca hakupoteza ata mechi moja ya mashindano: mechi 63, ushindi 40, nul 23. Kati ya ile miaka, mu 1921, Lasker alikubali kuja Havana. Alikuwa na miaka 52, joto la Cuba lilimusumbua. Dolari 25.000 zilitolewa, ambazo wakati ule zilikuwa mali kubwa sana. Walicheza mechi 14. Capablanca akashinda 4, Lasker hakushinda ata moja, na nul zilikuwa 10. Lasker akaandika kwamba anaacha. Mucuba akawa bingwa wa dunia bila kupigwa ata mara moja.

Mwaka uliofuata, ku London, yeye njo alitayarisha sheria za namna ya kupigania ubingwa, na wakubwa wenzake wakaziweka sahihi. Mambo mawili ndani yake. Kwanza, mwenye kutaka kupigana na bingwa atafute dolari 10.000. Pili, mechi zinaendelea mpaka mumoja apate ushindi 6, na nul hazihesabiwi. Nul haina pointi, haina kitu, ni jasho tu. Alifikiri kwa hii njia mutu hatakimbilia nul, kwa sababu haimupatii faida. Tutaona.

Mwaka 1925 akaenda Moscow, mashindano yenye serikali ya Wasovieti ililipa, ku hoteli Metropol. Hakushinda, alikuwa wa tatu, nyuma ya Bogoljubov na Lasker. Lakini ile safari ilionesha kitu kingine. Muji mzima ulikuwa na wazimu wa échecs. Mutu wa sinema Pudovkin akatengeneza filme ndogo ya kuchekesha juu ya wazimu ule, kijana anasahau ndoa yake kwa sababu ya échecs, na Capablanca mwenyewe anaonekana ndani, na suti yake nzuri. Nul zilikuwa nyingi ku mashindano yale, sawa vile kila pahali. Watu hawakukimbia.

Yeye lakini alikuwa na woga. Miaka ileile alianza kusema na kuandika kwamba wakubwa wanajua sana, kwamba siku si nyingi mechi zote za wenye nguvu zitaishia nul, na muchezo utakufa. Dawa yake ilikuwa kupanua uwanja: pahali pa vyumba 8 kwa 8, kuweke 10 kwa 8, na kuongeza vipande viwili kila upande. Kimoja kinatembea kama munara na farasi pamoja, kingine kama fou na farasi pamoja. Alitengeneza, alicheza na rafiki kuonesha. Hakuna mwenye alifuata. Mutu wa kartiye mwenye anacheza dame na vifuniko vya chupa yulu ya kibao hatakubali umwambie kibao chake ni kidogo, na mutu wa échecs ni yuleyule.

Mawazo yangu ni haya: alifanya kosa la bingwa. Sawa mutu anatoka mu shimo anasema hakuna tena mawe, kumbe ni pioshi yake njo imefika ku mwisho. Hapa kwetu tunajua ile hadithi. Terril ya Lubumbashi, ule mulima mweusi, miaka mingi ilikuwa takataka ya kuyeyusha shaba. Kisha wakaja na masini mengine, wakatoshamo kobalti. Capablanca alikuwa amechimba échecs kwa namna yake mpaka chini. Vijana wa wakati wake, Réti, Nimzowitsch, na zaidi Alekhine, walikuwa wanaleta masini mengine, naye aliwaangalia kidogo kwa dharau. Réti njo alikata ile miaka minane bila kupigwa, ku New York 1924.

Alexandre Alekhine. Murusi mwenye alikimbia mapinduzi na kuwa raia wa Ufaransa. Mbele ya 1927 hakuwa ameshinda Capablanca ata mara moja. Mwanzo wa mwaka ule, ku New York, Capablanca alikuwa wa kwanza bila kupigwa, Alekhine wa pili, pointi 2 na nusu nyuma. Basi Mucuba akafunga mizigo kwenda Buenos Aires kupigania ubingwa kama mutu anaenda kuchukua mushahara wenye umekwisha kuhesabiwa. Alekhine alikuwa amesoma mechi zake zote, moja moja, anatafuta pahali masini inapiga kelele.

Walianza tarehe 16 Septemba 1927. Mechi ya kwanza Alekhine akashinda, watu wakashangaa. Ya tatu Capablanca. Ya saba Capablanca tena, na wakasema sawa, mambo yamerudi ku njia. Kisha Alekhine akashinda ya 11 na ya 12, mfululizo. Na pale ikaanza.

Ya 13, nul. Ya 14, nul. 15, 16, 17, 18, 19, 20: nul, nul, nul, nul, nul, nul. Nane kwa safu. Alekhine akashinda ya 21. Kisha nul saba zingine, kutoka 22 mpaka 28. Ku mechi 34, walianza 32 kwa namna ileile moja, ile inaitwa gambi ya malkia yenye imekataliwa. Milango ilikuwa imefungwa karibu siku zote, watu hawakuingia kuangalia. Mupenzi wa échecs alinunua gazeti, akakuta nul, akangoja, akanunua tena, nul. Ilikuwa inaenda mwezi wa tatu.

Nani alikuwa na kosa? Sheria ilikuwa ya Capablanca mwenyewe. Alifikiri kama nul haina bei, hakuna atakayeitaka. Ikawa kinyume. Kama nul haina bei, haina pia hasara. Mwenye yuko mbele anaweza kungoja. Mwenye yuko nyuma anaweza kupumuzika leo, akapigana kesho kutwa. Hakuna mwisho wenye unakaribia, hakuna saa ya refa. Kazi isiyo na sirene ya kutoka, mutu anafanya polepole. Kila kapita anajua.

Ila tusiwaonee. Nyingi ya zile nul zilikuwa za kupigana. Nafasi ndogo inatafutwa, inafungwa, inatafutwa pengine. Capablanca akashinda ya 29, na matumaini yakarudi kidogo. Alekhine akashinda ya 32. Ya 34 ikasimamishwa kwa siku moja, wakati Mucuba alikuwa chini ya askari, na hakuna njia. Kesho, tarehe 29 Novemba, hakuja. Alituma mukanda wa kukubali kwamba amepoteza na wa kumupongeza bingwa mupya. Alekhine 6, Capablanca 3, nul 25.

Sasa, kama mutu ananiuliza ni nini iliumiza muchezo wakati ule, sitaonesha zile nul 25. Nitaonesha miaka yenye ilifuata. Capablanca aliomba warudiliane. Kila mutu alitaka warudiliane, kama vile kila mutu wa Lubumbashi anataka Mazembe na Lupopo zikutane. Aliomba safari hii mechi ziwe na mwisho, 16 tu, kwa pointi. Alekhine akajibu: hapana, sheria ni zile za London, ulizitayarisha wee mwenyewe, na dolari 10.000 ziwe mezani. Kisha ikaja 1929, bei zikaanguka dunia nzima, shaba pia, watu wakafukuzwa kazi hapa Katanga kama kwingine. Nani alikuwa na 10.000? Alekhine akacheza na Bogoljubov, mwenye hakumuogopa, mu 1929 na tena mu 1934. Wawili hawakusalimiana. Alekhine hakutaka ata kuingia mashindano moja na Capablanca. Kila mwaka watu waliahidiwa vita, kila mwaka havikuja. Nul inaacha mutu na njaa siku moja. Ile iliwaacha na njaa miaka kumi na tano.

Jambo la nul lenyewe halikuisha nyuma yake. Mwaka 1962, kwenye kisiwa cha Curaçao, Wasovieti watatu, Petrosian, Keres na Geller, walicheza mechi zote kati yao nul, zote 12, nyingi za haraka, huku Mumarekani Fischer anavuja jasho na kila mutu. Fischer akalalamika mu magazeti, na wakubwa wa FIDE wakageuza namna ya mashindano. Kutoka Septemba 1984, Karpov na Kasparov walicheza Moscow kwa sheria ileile ya ushindi 6. Wakafika mechi 48: 5 kwa 3, na nul 40. Februari 1985 mukubwa wa FIDE akasimamisha yote, bila mwenye kushinda. Ile sheria haikurudi tena. Na mu 2018, ku London, Carlsen na Caruana walicheza mechi 12 za ubingwa, zote 12 nul, mpaka wakaamuliwa kwa mechi za mbio.

Leo kuko dawa nyingi. Mashindano mengine yanakataza kupeana mukono bila ruhusa ya refa, tangu Sofia 2005. Mengine yalijaribu pointi 3 kama mupira. Ku Norvège, tangu 2019, wakifanya nul wanacheza palepale mechi fupi: mweupe anapewa dakika zaidi, lakini wakilingana tena, ni mweusi njo ameshinda. Ni kama penalti, ila ni ya akili. Ile inanipendeza kuliko kuongeza vyumba ku kibao.

Turudi kwa Mucuba. Miaka ya 1930 alipumuzika kidogo, watu wakasema amekwisha. Bibi wa kwanza, mwenye walizaa naye watoto wawili, waliachana. Akakutana na Olga Chagodaef, Murusi, na mu 1938 wakaoana. Mu 1936 alisimama tena kama kijana: akawa wa kwanza Moscow, kisha Nottingham, Uingereza, akalingana ku nafasi ya kwanza na Botvinnik. Pale Nottingham, nyuma ya miaka 9, alikaa tena mbele ya Alekhine. Akamushinda. Hakukuwa ubingwa pale, ilikuwa mechi moja tu, lakini alikuwa ameingoja.

Mwili ulikuwa unaanza kukataa. Damu ilikuwa inapanda. Mwaka 1938, ku mashindano makubwa ya AVRO mu Uholanzi, kila siku chache muji mwingine, alichoka vibaya, na tarehe 19 Novemba, siku ya kufikisha miaka 50, Alekhine akamushinda. Alimaliza wa saba kati ya wanane. Mwaka wa kufuata alicheza kwa Cuba ku Olimpiadi ya Buenos Aires, muji uleule, na akapata medali ya zahabu ya meza ya kwanza, mu mashindano yenye Alekhine alikuwa anachezea Ufaransa. Siku Cuba na Ufaransa zilikutana, Capablanca hakukaa mezani. Vita vya pili vilianza wakati wangali wanacheza.

Tarehe 7 Marchi 1942, miezi mitatu nyuma ya ile Desemba yenye askari walipiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma hapa Élisabethville, Capablanca alikuwa New York, ku Manhattan Chess Club, ileile klabu yenye ilimuibia yuniversite. Hakuwa anacheza. Alikuwa amesimama anaangalia wengine, sawa vile alikuwa anaangalia baba yake. Akaomba wamusaidie kuvua koti, akaanguka. Walimupeleka hopitali ya Mount Sinai, pahali Lasker alikufia mwaka moja mbele. Akafa asubui ya tarehe 8, na miaka 53. Ku maisha yake yote ya mutu muzima, mechi za mashindano zenye alipoteza hazifikie 50.

Mwili ulirudishwa Havana, serikali ikasimamia maziko. Alekhine aliishi miaka minne zaidi, akakutwa amekufa mu chumba cha hoteli, Estoril, Ureno, Marchi 1946, kibao cha échecs kikiwa karibu naye. Alikuwa angali bingwa wa dunia.